Mistari Miwili ya Kulwa na Doto

Wiki niliyokuwa nafungasha vitu vyangu ili nistaafu, Pendo alikuja mezani kwangu na laptopu yake imefunguliwa. Pendo ndiye atakayeitunza programu yetu baada yangu, na kwa kuwa ni binti makini, alikuwa ameshaanza kufagia msimbo wa zamani. "Mama," aliniambia, "kuna jaribio moja la kupima programu humu kwenye Orodha silielewi. Lina watu wawili ambao kila kitu chao ni kilekile: baba mmoja, mama mmoja, kijiji kimoja, siku moja ya kuzaliwa. Nadhani mtu alinakili mstari akasahau kuufuta. Nikiuondoa kuna shida?"

Nilimwambia asubiri kwanza nimalize chai. Chai ilipoisha nikaona kwamba maelezo yenyewe hayatoshi kikombe kimoja, na kwamba ninyi wengine mtakuja kuuliza swali hilohilo wakati mimi niko Ngulyati napalilia mpunga. Ndiyo maana naandika. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka humu. Vyeo vilikuja vyenyewe, na mshahara mnaujua.

Nilianza kazi Bariadi wakati soko huria limepamba moto. Ushirika uliokuwa ukinunua pamba peke yake ulikuwa umechoka, na kila kona ya mji ilikuwa na bango la kampuni mpya na mizani mpya. Simiyu haikuwa mkoa bado. Mambo yetu makubwa yote yalikwenda Shinyanga. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, na chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya zamani ya magunia. Nyuzi za pamba zilipenya kila mahali. Asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kupangusa kibodi, ya pili kusubiri jenereta liwake, na ya tatu kuomba Mungu lisizimike.

Kompyuta zilikuwa zimefunikwa khanga. Nyuma ya khanga ya mwisho alikaa Mzee Doto Luhende, mwalimu wangu. Alikuwa ameanza kazi hii Dar es Salaam enzi za kadi za kutobolewa matundu, shirika lake likabinafsishwa, akapunguzwa, akarudi nyumbani. Wengi waliorudi namna ile walifungua duka. Yeye alirudi na sanduku la vitabu vya programu na miwani iliyofungwa kwa waya.

"Mwangaluka," alinisalimu bila kuinua macho.

"Mwangaluka, baba."

Hapo akainua. "Umesoma Dar lakini kumbe kinywa bado ni cha nyumbani. Jina?"

"Shija."

"Shija! Basi kwenu wapo Kulwa na Doto."

"Wapo, baba. Wote wazima."

Pendo ametoka Moshi, kwa hiyo nieleze. Kwetu Usukumani mapacha hawatafutiwi majina. Anayetoka kwanza ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume. Mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija, na huyo ndiye mimi. Nimekua nyuma ya watu wawili ambao mama hakuthubutu kumnunulia mmoja shati bila mwenzake. Akiugua Kulwa, Doto naye alionjeshwa dawa. Ukimsalimu mmoja ukamruka wa pili, mama alikuita urudi usalimu upya. Watu wa kwetu wanawaogopa mapacha kidogo, wanawapenda sana, na hawataki kabisa kufanya mzaha na hesabu yao.

Mchana wa siku ile tulikula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na maziwa. Nikaona Mzee Doto anachukua kipande kimoja na kukiweka pembeni ya sahani, hakigusi. Nilidhani kimeoza. "Hicho cha Kulwa," alisema. "Alikufa tukiwa wachanga, hata kanisani hatujapelekwa. Mama alinitengea vipande viwili mpaka anazeeka. Sasa yeye hayupo, nani atamtengea?" Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akanirudisha kwenye kompyuta.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kurasa za kuangalia kwenye kivinjari. Seva ilikaa chumba chetu, na meneja, mhasibu na watu wa mizani walifungua kurasa zile kwa waya kutoka vyumba vyao. Mtandao wa dunia hatukuwa nao, bado nilishangaa. Nilibonyeza kitu chumbani kwangu, na mtu wa mizani ng'ambo ya uwanja akakiona. Siku za kwanza nilikuwa nakimbia kwenda kuthibitisha kwa macho, nikirudi natweta, Mzee Doto akiniuliza kama kimefika au kimepotea njiani.

Karibu kila ukurasa ulikuwa orodha. Orodha ya wakulima, ya marobota, ya malori, ya mbegu zilizogawiwa. Na kila orodha ilikuwa imeandikwa upya toka mwanzo mpaka mwisho. Meneja aliposema anataka mistari ipakwe rangi, mmoja ndiyo mmoja hapana, ili macho yasiteleze, nilitumia siku nzima kubadilisha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Nikausahau wa malori ya Lalago. Karani wa Lalago akaandika barua akiuliza kwa nini kituo chake kinabaguliwa.

"Sasa umeumia vya kutosha," Mzee Doto akasema. "Njoo nikufundishe."

Alichonifundisha ninyi mnakijua toka chuoni, na kwa sababu mmekijua mapema nahofia hamkukishangaa. Alichora duara kwenye ubao. Tutatengeneza klasi moja, alisema, tuiite Orodha. Klasi ni kama kalibu ya tofali: kalibu ni moja, tofali ni nyingi, na kila tofali ikishatoka inasimama yenyewe. Kinachotoka kwenye klasi tunakiita objekti.

"Orodha haijui chochote," alisema. "Haijui mkulima, haijui lori. Inajua mambo mawili tu, kupanga na kuuliza. Inamwendea mmoja baada ya mwingine inamuuliza, wewe unajionyeshaje? Mkulima ataje jina lake na kijiji chake. Lori litaje namba yake na dereva wake. Orodha inachora kile inachojibiwa."

"Na kama kesho meneja akitaka orodha ya ng'ombe?"

"Ng'ombe atajibu kwa ajili yake. Orodha hutaigusa."

Tuliiandika kwa wiki kadhaa, tukiiharibu na kuirudia. Siku ilipokubali, niliipa wakulima wa Nkololo, nao wakajipanga na rangi zao. Nikaipa marobota, yakajipanga. Nikaipa malori ya Lalago, yakajipanga, na karani wa watu akaacha manung'uniko. Msimbo ni uleule, sijaugusa hata nukta. Nawaambia ukweli, nilitoka nje nikaegemea ukuta wa kiwanda nikalia kidogo, na mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani. Mpaka leo, baada ya lugha zote tulizohamia na wamiliki wote waliobadilisha jina la kampuni, sijapata kuona kitu kilichonishangaza kuliko kitu kisichojua chochote kikimpa kila mmoja nafasi yake.

Kisha tukaiharibu, kwa nia njema.

Makarani wa vijijini walikuwa wanaandika mtu mmoja mara mbili. Sababu mnaijua: mtu wa kwetu ana jina la nyumbani na jina la kanisani. Leo anakuja kama Minza, kesho karani mwingine anamwandika kama Maria. Meneja akaona watu waliojirudia akakasirika. Tukakaa kikao, Mzee Doto, mimi na makarani wote, wenyeji watupu, hakuna mgeni hata mmoja mezani. Tukakubaliana kwamba jina halifai kumtambua mtu. Orodha kabla ya kuchora itazame jina la baba, jina la mama, kijiji na tarehe ya kuzaliwa. Vikilingana vyote vinne, huyo ni mtu mmoja mwenye majina mawili, aonyeshwe mara moja tu. Methodi ya kulinganisha, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi hiyo, tuliiita niSawa. Tulipeana mikono. Karani mmoja alisema hata serikali haijafikiria jambo kama hilo, na nadhani alisema kweli.

Mwaka ule kampuni ilikuwa imejenga bweni la wasichana kwenye shule moja ya sekondari, kwa ajili ya mabinti wa wakulima wanaoiuzia pamba. Hiyo nayo ilikuwa mbinu ya soko huria. Kampuni jirani ilikuwa inagawa fulana. Sekondari zilikuwa mbali, na binti asiye na bweni alipanga chumba mtaani au alibaki nyumbani, na kubaki nyumbani mara nyingi maana yake ilikuwa ndoa. Majina ya waliochaguliwa yalichorwa na Orodha yetu, yakachapishwa, yakabandikwa kwenye ubao wa getini. Matroni wa bweni alichukua nakala yake akagawa vitanda.

Ijumaa asubuhi, wasichana wakitakiwa kuripoti Jumatatu, mlinzi alituletea mama mmoja aliyefika na lori la pamba kutoka Nkololo. Alikuwa na pamba kwenye kilemba na viatu mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu."

Alikaa, akapanga viatu vyake sakafuni vizuri, kisha akasema, "Kulwa nimemwona ukutani. Doto mmempeleka wapi?"

Nilimjibu kama watu wa ofisini tunavyojibu. "Labda hakuchaguliwa, mayu. Nafasi ni chache."

"Mwalimu alituita akatusomea majina ya wote wawili. Barua ya shule ninayo, ina wote wawili. Ukuta wenu ndio una mmoja." Hakupandisha sauti. "Mwanangu, nisikilize. Wangekosa wote nisingekuja. Wakikosa wote tunalima wote. Lakini mmoja simpeleki. Nikimpandisha Kulwa kwenye gari peke yake, nitakuwa nimemzika Doto naye yuko hai amesimama ananiangalia. Kama Doto hayupo, mfuteni na Kulwa, nirudi nikawaambie."

Nyuma yangu kibodi ya Mzee Doto ilinyamaza.

Nikafungua ghala la kumbukumbu, pale ambapo taarifa hukaa kabla ya kuchorwa. Kulwa alikuwepo. Chini yake Doto alikuwepo, jina lake limeandikwa vizuri, alama zake zimewekwa. Nikafungua ukurasa. Kulwa tu. Nikarudi ghalani: wawili. Ukurasa: mmoja. Nakiri kwamba kwa nukta chache niliogopa kama watu wa nyumbani wanavyoogopa. Doto hakuwa amefutwa. Alikuwepo mzima, ila haonekani.

Mzee Doto alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Akatazama mistari ile miwili. Baba yuleyule, mama yuleyule, kijiji kilekile, siku ileile.

"Orodha imewaona wawili," alisema taratibu, "ikaambiwa ni mmoja mwenye majina mawili."

Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Mimi Doto. Wewe Shija. Tumekaa mezani siku nzima kutunga ile kanuni, na kati yetu hakuna aliyekumbuka amezaliwaje!"

Mama alimuuliza anacheka nini. Mzee Doto alichuchumaa mbele yake, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akamwambia kwa Kisukuma kwamba Doto yupo, kwamba mashine tumeifundisha vibaya, na kwamba asiondoke. Mama akamtazama. "Wewe nawe ni nani?" Akamtajia jina lake. Mama akashusha pumzi, akasema, "Basi wewe unanielewa," na akavua kilemba chake akakiweka juu ya viatu, kama mtu aliyeamua kukaa.

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Hapo ndipo Mzee Doto aliponionyesha jambo ambalo nililisoma chuoni nikalijibu hata mtihani, bila kuliona. Ndani ya kompyuta, objekti mbili za klasi moja zinaweza kufanana kwa kila thamani iliyomo ndani yake, na bado zikawa mbili. Kila moja ina mahali pake pa kukaa. Mashine toka mwanzo haikuwahi kuwachanganya wale mabinti. Iliwapa kila mmoja makao yake kimya kimya, na ingeendelea kuwatenga milele. Ni sisi tuliopitisha niSawa juu yao tukailazimisha kusema ni mmoja. Mama yangu hakuwahi kugusa kompyuta, lakini alipokuwa ananirudisha nikamsalimu Doto upya alikuwa ananifundisha jambo hilohilo.

Tukaivunja ile kanuni. Kila mtu atapewa namba yake siku anayoandikwa, haitumiki tena kwa mwingine, na niSawa itazame namba hiyo tu. Kwa akina Minza na Maria, Orodha iweke alama ndogo pembeni, karani aende kijijini akaulize. Mashine ishuku, mtu aamue. Makarani hawakufurahi, maana kijijini kuna jua.

Nikachapisha orodha mpya. Kulwa, na chini yake Doto. Nilimpa mama karatasi bado ina joto la printa. Hakuwa anajua kusoma sana, lakini majina yale mawili aliyajua. Aliweka kidole juu ya la kwanza, akakishusha juu ya la pili, akarudi la kwanza. Kisha akasema wabeja, asante, mara nyingi, kwa karatasi zaidi kuliko kwetu.

Furaha yetu haikudumu. Matroni tulipompigia alisema vitanda vimeshakwisha, kwa kuwa nafasi iliyoonekana wazi amepewa binti mmoja wa Lalago, naye ameshaambiwa, na baba yake ameshanunua godoro. Meneja akasema huyo wa Lalago hawezi kuondolewa, na kitanda kipya hakitapatikana kabla ya Jumatatu. Nilishika kichwa. Tulikuwa tumempatia Doto mstari, kumbe kitanda kimekwenda. Ilibidi mimi ndiye nikamwambie mama, na njiani kutoka kwenye simu mpaka kwenye benchi alilokaa nilitamani ofisi iwe kubwa zaidi.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana, kisha akauliza, "Kwa hiyo kitanda cha Kulwa kipo?"

"Kipo, mayu. Ila cha Doto ndiyo…"

Akaangua kicheko mpaka mlinzi akachungulia. "Vitanda viwili vya nini? Hao hawajawahi kulala mbalimbali tangu tumboni! Mkiwapa viwili watahamia kimoja, cha pili waweke madaftari." Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Mimi sikuja kuomba kitanda, mwanangu. Nilikuja kumtafuta mtoto."

Jumatatu wakaripoti. Matroni akatuletea orodha ya vitanda, na kwa mara ya kwanza Orodha ikachora watu wawili wenye namba ileile ya kitanda. Hakuna aliyeilalamikia.

Lakini mlichokiuliza ni jaribio. Mchana wa Ijumaa ile, mama alipokwisha kuondoka na lori lililokuwa linarudi Nkololo, Mzee Doto alisema lazima tuweke jaribio ili kosa lile lisirudi hata sisi tukiwa hatupo: programu itengeneze mapacha, iwape Orodha, ihakikishe wametoka wawili. Nikasema nitatumia majina ya mabinti wale. Akakataa. "Wale ni watoto wa watu, wana maisha yao. Nipishe."

Akaketi. Akaandika Kulwa Luhende. Jina la baba, jina la mama, kijiji, na tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa. Chini yake akaandika Doto Luhende, na yale yale. Akabonyeza. Ukurasa ukajichora, mistari miwili, wa juu rangi nyeupe na wa chini kijivu.

Alivua miwani. Akasogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Shija," alisema. "Sijawahi kuona jina lake limeandikwa."

Nikakumbuka kwamba alikufa kabla ya kanisa. Hakuna kitabu cha ubatizo, hakuna cheti, kaburi lake lilishalimwa. Mama yake, aliyekuwa akimtengea chakula, hakujua kuandika. Mzee yule aligusa mstari wa juu kwa kidole, kama yule mama wa Nkololo alivyogusa karatasi, na mimi nikageuka kuangalia jenereta, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mzee Doto tulimzika miaka mingi iliyopita, na msalaba wake una jina moja. Pendo, umeniuliza kama mstari ule ni wa kunakili uliosahaulika. Uache. Kila mmoja wenu akibadilisha chochote kwenye Orodha, kabla kazi yake haijapokelewa, programu inawaita wote wawili kwa majina, Kulwa kwanza, kisha Doto, na inasubiri mpaka wote wawili waitike.